Kusini si njia ya kupita tu

Wakazi wa Dar es Salaam tukipata likizo, mawazo yetu hukimbilia pande mbili: Zanzibar, au Kaskazini kwenye Serengeti na Ngorongoro. Sina ugomvi na huko. Kinachoniuma ni barabara kuu ya Mbeya. Mabasi huondoka alfajiri yamejaa watu waendao msibani, harusini au kazini. Abiria huchungulia twiga Mikumi, hushika kiti kwa nguvu kwenye kona za mlima Kitonga, kisha husinzia hadi stendi. Nyanda za Juu Kusini tumezigeuza njia ya kupita.

Isimila, kwa mfano, iko kilomita kama 20 tu kutoka Iringa mjini, kandokando ya barabara hiyohiyo. Mmomonyoko umechonga nguzo ndefu za udongo, na katika eneo hilohilo zimechimbuliwa zana za mawe za watu wa kale. Ukiwa na nusu siku Iringa, inatosha.

Ila nikiambiwa nichague mahali pamoja, ni Kitulo, wala sisiti. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Uwanda wenyewe uko mita zaidi ya 2,500 juu ya usawa wa bahari, na una aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini. Sasa, maua hayo hayakungojei kiangazi. Huchanua mvua zikishika, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ambayo barabara ya kupanda kutoka Chimala, mji ulio kwenye barabara kuu ya Mbeya, yenye zile kona ziitwazo Hamsini na Saba, huteleza kweli. Ushauri wangu: nenda mvua hivyohivyo. Tafuta gari la kupanda mlima na dereva anayeijua njia, beba sweta na koti la mvua. Anayesubiri Julai njia ikauke atakuta nyasi na baridi. Na ukifika usiangalie kwa mbali tu. Baadhi ya okidi ni ndogo mno, mpaka uchuchumae kwenye nyasi zilizolowa ndipo uone madoadoa ndani ya ua. Viazi vya okidi hizo vimekuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, kwa hiyo ulinzi wa pale si wa mapambo.

Milima ya Rungwe na Kitulo ni makazi ya kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimtangaza duniani mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote. Nchi ambayo karne hii bado inatoa mnyama mpya kwa sayansi, sisi tunasema tumeshaimaliza kwa kupiga picha na simba!

Ukishuka Tukuyu lipo Daraja la Mungu, upinde wa mwamba wa volkano uliovuka mto Kiwira. Ukielekea Tunduma utakikuta Kimondo cha Mbozi, pande lililoanguka kutoka angani, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, sehemu yake kubwa chuma. Tafuta kwenye ukingo mahali palipokatwa sampuli. Chuma chenyewe ndipo utakapokiona vizuri.

Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, si umbali. Matangazo ya utalii wa ndani yanaonyesha wanyama wakubwa peke yao, kama vile ua au maporomoko si kivutio. Tena safari nyingi za vikundi hupangwa kwa sikukuu za Desemba, na hata hapo, msimu wa maua ukiwa ndio unaanza, gari huelekezwa Kaskazini.

Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yanadondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, takriban mara mbili ya urefu wa yale ya Victoria. Ni wangapi kati yetu wameyaona? Basi la Sumbawanga lipo, na hadi Matai, njiani kuelekea maporomoko, unafika. Kazi inabaki kipande cha mwisho kwa mtu asiye na gari lake. Halmashauri na wenye magari wa pale wakubaliane usafiri wa uhakika kila mwisho wa wiki, ratiba ibandikwe stendi ya Sumbawanga, na nauli iandikwe waziwazi.