Sura za maofisa na fuvu la Kalenga

Picha za maofisa wa Kijerumani waliopigana na Wahehe zinastahili kuonekana katika shule za Iringa, lakini si kana kwamba kamera ilinasa ukweli mtupu wa mtu. Picha za awali za wanajeshi na wajumbe wa mataifa zilipangwa kwa makusudi, na mtazamaji ana haki ya kuelezwa zilivyopangwa.

Ufundi wa kupiga picha wa Louis Daguerre ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Picha ilikaa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, nayo ilitoka imegeuka kama sura kwenye kioo, hivyo nishani za kifua cha kushoto zilionekana kulia na upanga ukahama ubavu. Ndiyo maana baadhi ya wanajeshi walivaa zana zao kinyume kabla ya kupigwa picha. Kwa kuwa mwanga ulihitaji muda, kichwa kiliegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma, na ule ukali wa uso tunaouita ujasiri mara nyingi ni subira ya mtu aliyekatazwa kutikisika. Hata Roger Fenton, aliyekwenda vitani Crimea mwaka 1855, alitumwa na mchapishaji wa Manchester aliyetaka picha za kuuza, akarudi na picha za majenerali kama Raglan na Omar Pasha, bila picha za maiti.

Watu wa pwani yetu waliopata nafasi ya kujionyesha waliitumia vizuri. Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani Said wa Zanzibar aliyefika New York mwaka 1840, alichorwa kwa rangi ya mafuta akiwa na kilemba; Sultani Barghash alipigwa picha London mwaka 1875.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyemshinda Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo mwaka 1891, hakupewa heshima hiyo. Alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kilikatwa, na fuvu lililorudishwa mwaka 1954 ndilo wageni wanalotazama katika makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa, hadi leo. Picha zinazosambazwa mtandaoni kwa jina lake, bila mpiga picha, mwaka wala mahali, zinanisikitisha, kwa sababu zinamvisha sura ya mtu mwingine yule ambaye tayari alinyang'anywa kichwa. Walimu wasizibandike ukutani. Za maofisa zibandikwe, na chini ya kila moja yaandikwe jina la mpiga picha, mwaka, na kazi aliyokuwa akiifanya ofisa huyo katika nchi ya Uhehe.