C Shapu Iliyogoma Harusini

Toccata ya Charles-Marie Widor ndiyo sehemu ya tano na ya mwisho ya Simfoni yake ya Tano ya kinanda cha filimbi, ya mwaka 1879. Waingereza wameigeuza muziki wa kuwatoa maharusi kanisani. Ina dakika kama sita, na maharusi hufika mlangoni mapema mno. Sehemu kubwa husikilizwa na viti.

Siku hiyo nilikuwa msaidizi: kufungua kurasa na kuvuta rejista, yaani vitufe vya kuchagua ni safu ipi ya filimbi ilie. Mpigaji hana mkono wa akiba. Wa kulia unakimbiza noti bila kupumua, wa kushoto unadonoa kodi fupi fupi, na miguu inaingia kwenye vibonyezo vya chini kipimo cha tisa. Wengi huiendesha mbio, ingawa Widor mwenyewe, alipoirekodi kanisa la Saint-Sulpice, Paris, mwaka 1932 akiwa na miaka 88, hakuwa na haraka yoyote.

Muziki ulipoanza kuhama kutoka ngazi moja ya noti kwenda nyingine, noti moja, C shapu, ya Sweli (kundi la filimbi lililofungiwa sandukuni) ikagoma kunyamaza. Sababu haina uchawi. Chini ya filimbi kuna kilango cha mbao chenye ngozi, hufungwa na springi. Asubuhi hiyo hita zilikuwa zimewashwa kwa ajili ya wageni, mbao zikakauka na kujikunja, na kibanzi kikanasa kwenye ngozi. Upepo haukomi, noti hailali. Na muziki wenyewe ni wa F meja, ngazi isiyo na noti hiyo. C shapu humo ni mgeni asiye na kadi.

Dawa ya kwanza ni kukidonoa kibonyezo kwa nguvu ili kibanzi kidondoke. Kwa vidole vya nani? Ya pili ni kurudisha rejista zote za Sweli, na hapo Toccata inabaki mifupa. Ya tatu ni kuingia ndani kuzing'oa filimbi. Mpigaji akanitolea macho. Nikachukua tochi.

Sanduku la Sweli ni chumba cha mbao chenye luva mbele, vibao vya kufungua na kufunga sauti. Filimbi hupangwa pande mbili: C, D, E huku, C shapu, D shapu, F kule. Kilango kikikwama, kila rejista iliyovutwa inalia noti ile. Zilikuwa sita, na ile ya mchanganyiko ina filimbi tatu kwa noti, kwa hiyo jumla nane. Filimbi ya rejista iitwayo Tarumbeta ina urefu wa futi mbili hivi, na usiishike kwa waya wa kusawazishia, utaiharibu sauti. Vidole vya kuziba masikio vilikuwa vimeshaajiriwa.

Ilipofika sehemu ya taratibu, mpigaji akafunga luva, nami ndani. Kwa wageni sauti ilipungua.

Filimbi ya nane ikatoka, C shapu ikakata. Muziki safi kabisa! Ila mzee wa kanisa alikuwa ameshaamua kwamba ile ni kengele ya moto, na muda wote huo alikuwa njiani kwenda kwenye swichi. Akaizima mota ya upepo juu ya kodi za mwisho. Mivukuto huwa na akiba ya sekunde chache tu, na upepo ukipungua sauti hushuka: F meja yote ikateremka kama ng'ombe anayepiga magoti.

Nikatokea mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi, filimbi nane kifuani. Mama wa bibi harusi akanitazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Kumbe mlikuwa hamjamaliza kukiunganisha kinanda?"