Itoeni Picha Kwenye Bomba

Jana usiku nilikutana na tangazo la picha iliyochapwa kwa skrini, yaani kitambaa chembamba kinachopitisha wino hadi kwenye karatasi, toleo la nakala 200, yenye saini ya msanii. Muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba picha "haijawahi kutolewa kwenye bomba lake", yaani mrija wa karatasi ngumu ambamo picha huviringishwa na kusafirishwa. Kwake hiyo ni sifa. Miaka minne imepita, na tangu mchapaji aiviringishe hakuna aliyeitazama. Nimelala na hasira.

Kazi ya msanii wa mtaani, anayechora kwenye kuta, huwa ya wapita njia. Banksy, msanii wa mtaani wa Uingereza, alichora msichana na puto London mwaka 2002, karibu na daraja la Waterloo, na ukuta ule ukaja kupakwa rangi, mchoro ukapotea. Mwaka 2004 zikatoka nakala za skrini, 150 zenye saini na 600 zisizo na saini, ili mtu asiyeweza kununua ukuta aweze angalau kununua karatasi. Sasa tukiichukua karatasi hiyo na kuifungia gizani tukisubiri bei ipande, tunakuwa tumeufuta mchoro mara ya pili.

Wachapaji wenyewe waliliona hili. Pictures on Walls, kampuni iliyochapa nakala hizo za Banksy, walifunga duka mwishoni mwa 2017 wakieleza kwamba kazi zao zimegeuka bidhaa ya kuuziana kama nyingine. Shepard Fairey, msanii wa mtaani wa Marekani, aliuza nakala za kwanza za bango la Obama, mwaka 2008, kwa dola 45, na fedha zile zikachapa mabango mengine ya kubandikwa mitaani. Hivyo ndivyo mambo haya yalivyokusudiwa. Siku hizi toleo linatoka asubuhi, linaisha kwa dakika chache, na jioni walanguzi wanaliuza mara tatu ya bei kabla karatasi haijawafikia mkononi.

Ndiyo, mwanga wa jua unapausha rangi. Nakubali. Ndiyo maana kuna kioo cha kuzuia miale na karatasi isiyo na asidi ya kuwekea nyuma. Na aliyenunua ana haki ya kuuza chake, hilo sina ubishi nalo.

Lakini hebu itoe hata mara moja! Mimi nina nakala nambari 83/150, yaani ya 83 kati ya 150. Siku ilipofika niliilaza chini ya vitabu vizito wiki nzima, karatasi safi ikiwa katikati, mpaka ikaacha kujikunja. Kisha niliiinamisha kwenye mwanga. Wino wa skrini haunyonywi wote na karatasi. Unakaa juu, na ukitazama kwa upande unauona umenyanyuka. Kila rangi ina skrini yake, na kwenye nakala yangu nyekundu imesogea unywele mmoja kushoto, ikaacha mstari mweupe kando ya bega la mtu aliyechorwa. Pale mkono wa mchapaji uliteleza kidogo wakati akivuta wino kwa kibao cha mpira. Nambari 82 haina mstari huo, wala 84. Huyo muuzaji wa jana anajuaje yake ina nini?

Yangu iko ukumbini, mbali na dirisha. Kioo chake kimejaa alama za vidole vya wageni, kwa sababu kila anayeingia nahakikisha ameoneshwa ule mstari.