Kuchoronga kwanza au kutegemea rada? Ishu ya kuta za migodi ya wazi

Kuna hoja inazunguka sana kwa watu wa migodi ya wazi, kwamba hela ya kuchunguza kuta inapotea bure, yani unachoronga (unatoboa kwa mashine) shimo jembamba la mita 200 au 300 kusoma mwamba tu, halafu shimo lenyewe halina hata gramu ya dhahabu, wakati rada zipo na zinaona ukuta ukisogea hata milimita chache. Basi wanasema chimba, weka rada, ukuta ukianza kutembea toa watu.

Siikatai yote. Kore, yani kile kipande kirefu cha mwamba kinachotoka kwenye shimo la kuchoronga, mara nyingi ina upana wa sentimita 6 na kidogo, na kwa huo uzi mwembamba mtu anataka kuelezea mlima mzima. Mashimo kumi yanaweza kupita pembeni ya ufa ule ule utakaokuja kuangusha ukuta. Rada haina shida hiyo, inatazama uso wote wa ukuta usiku na mchana.

Na mfano mzuri upo. Tarehe 10 Aprili 2013 mgodi wa Bingham Canyon kule Utah, Marekani, uliporomoka mara mbili usiku mmoja, jumla kama tani milioni 145, na hakuna aliyekufa, hata wa kuumia hakuna, mana vipimo vilikuwa vimeonyesha ukuta unatembea na watu walishatolewa. Hapo naivulia kofia timu ile. Lakini angalia kilichobaki: kifusi kimejaa chini ya shimo, malori makubwa na mashine za kuchimbia zimefukiwa, uzalishaji umeyumba. Na mzigo wote ule uliteleza juu ya tabaka dhaifu la mwamba lililokuwa ndani ya ukuta kabla binadamu hajaugusa. Kwa hiyo rada iliokoa watu, na hilo ndo kubwa kuliko yote, ila mgodi haikuweza kuuokoa.

Sasa tuje kwenye hela, mana hapo ndo naona watu wanapiga hesabu vibaya. Chukua shimo la mgodi lenye kina cha mita 300, ukuta umelala nyuzi 45. Ukiusimamisha nyuzi moja tu ukawa 46, ukingo wa juu unasogea kama mita 10, na kwa ukuta wa kilomita moja umeepuka kubeba mita za ujazo milioni 1.5 za mawe yasiyo na kitu, karibu tani milioni 4. Hiyo nyuzi moja rada haikupi. Anayekupa ni yule anayejua nyufa za mwamba zimelala upande gani na mwamba wenyewe unabeba kiasi gani, na hajui kwa kukisia, anajua kwa kore na maabara. Asipokuwa na data ana mawili tu, alaze ukuta mbebe mawe ya bure, au ausimamishe kwa kuomba Mungu.

Ukikaa na boksi la kore unaelewa. Mwamba mgumu unaendelea vizuri, mara unafika pameandikwa sentimita 20 hazikutoka. Mtu mwenye haraka anaruka. Lakini pale mara nyingi ndo palikuwa na udongo laini ambao maji ya kuchorongea yameusomba, na kipande kinachofuata ukikigeuza unakuta uso wake unang'aa na una mikwaruzo, ishara kwamba huko nyuma mwamba ulishateleza hapo. Sentimita 20 hizo zina habari kuliko mita 100 za mwamba mzima.

Halafu maji. Maji yakisimama mita 20 ndani ya ufa, kule chini yanasukuma kwa karibu tani 20 kila mita moja ya mraba. Ukiweka pizomita, yani kipimo cha shinikizo la maji ndani ya mwamba, mapema unaona shinikizo linapanda, unachimba mashimo ya kuyatoa, ukuta unatulia kabla haujatembea hata kidogo. Ukisubiri rada, utajua siku ukuta umeshaanza kuondoka.

Mimi bajeti ikiwa ndogo, hela ya rada siipunguzi, watu wako chini ya ukuta leo. Ila nitapigania mashimo machache yaliyolengwa, yapite nyuma ya ukuta wenye nyufa zinazoinamia shimoni, na kila moja liachwe na pizomita ndani. Likishachorongwa halafu likazibwa bila pizomita, hapo kweli hela imepotea.