Daftari la idara lisifungiwe kwenye droo

Siku nilipokabidhiwa ukuu wa idara, mtangulizi wangu alinipa vitu vitatu: ufunguo wa ofisi, muhuri, na karatasi moja yenye jedwali la vifungu vya fedha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, hii usimwonyeshe mtu. Wakishajua kilichomo hawatakuacha upumue." Alikuwa mtu mwema, na aliyasema hayo kwa kunionea huruma. Nilimtii miaka miwili. Miaka minne iliyofuata nilifanya kinyume chake. Ninaandika haya kwa sababu bado nakutana na wakuu wa idara wapya wanaonong'onezwa ushauri uleule, nao wanaupokea kama nilivyoupokea mimi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika idara za vyuo daftari huwa lipo, maana ofisi ya fedha isingekubali likosekane. Wanaokosekana ni wasomaji wake. Mkuu wa idara analijua, mhasibu analijua, basi. Wengine wote huleta maombi kama watu wanaochota kisimani usiku, hakuna ajuaye maji yamefika wapi. Anayekataliwa hawezi kujua kama fedha haipo au ni yeye hatakiwi, na kwa kuwa ni binadamu, huchagua jibu la pili. Katika miaka ile miwili niligombana na watu wawili ambao hadi leo naamini tusingegombana kama wangeona karatasi yangu.

Tuanze na ile karatasi. Sehemu kubwa ya gharama za idara ni mishahara, nayo kwa kawaida haipiti mkononi mwa mkuu wa idara kabisa. Kinachobaki chini ya sahihi yake ni matumizi ya kawaida: vifaa vya maabara na ofisi, matengenezo, safari, malipo ya wahadhiri wa muda. Ukiondoa yale ambayo hayaepukiki, kiasi unachoweza kukiamulia mwenyewe ni kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Kukificha hakukifanyi kiwe kikubwa. Ila kunawafanya wenzako waamini kuwa ni kikubwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma salio kama fedha ya kutumia. Katikati ya mwaka taarifa ya mfumo wa fedha ilionyesha kifungu cha vifaa kina salio la kutosha, nikaidhinisha maombi matatu kwa siku moja. Wiki chache baadaye zikaja ankara za kemikali zilizoagizwa kabla ya hapo, ambazo hazikuwa zimelipwa bado na kwa hiyo hazikuonekana popote kwenye taarifa ile. Kifungu kikakauka mapema, na mafunzo ya vitendo ya muhula wa pili yakaendeshwa kwa wanafunzi watano kushika kifaa kimoja. Tangu hapo jedwali langu likawa na safu tatu: kilichotengwa, kilicholipwa, na kilichoahidiwa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye ukweli. Mfumo wa chuo chako ukiwa hauionyeshi, iandike kwa mkono kila unapotia sahihi hati ya ununuzi.

Kuhusu namna ya kupanga bajeti yenyewe, sina imani na shauku ya kuanza upya kila mwaka. Mtindo wa kuhoji kila shilingi kuanzia sifuri ulipata umaarufu mwaka 1970, Peter Pyhrr alipoeleza jinsi ulivyotumika katika kampuni ya Texas Instruments. Jimmy Carter akauchukua akiwa gavana wa Georgia, na mwaka 1977, akiwa rais, akauagiza kwa serikali nzima ya Marekani. Mwaka 1981, utawala wa Ronald Reagan ulipoingia, ukaachwa. Karatasi zilikuwa nyingi kuliko maamuzi yaliyobadilika. Kwa upande mwingine, kunakili bajeti ya mwaka jana na kuongeza kidogo ni kuendelea kulipia mambo ambayo hakuna anayekumbuka kwa nini yalianza. Mimi nilichagua kifungu kimoja kila mwaka na kukihoji mpaka mzizi, vingine nikaviacha vitembee. Mwaka wa kifungu cha matengenezo tuligundua tunalipia mkataba wa kuhudumia mashine iliyokwisha kuondolewa maabara.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Chuo kinapotwaa kila senti isiyotumika ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha, kinawafundisha watu waaminifu kufuja. Wachumi Jeffrey Liebman na Neale Mahoney walichunguza ununuzi wa serikali ya Marekani, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017 walionyesha kuwa matumizi ya wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha yalikuwa karibu mara tano ya wastani wa wiki nyingine. Miradi ya kompyuta iliyonunuliwa wiki hiyo ilikuwa na ubora wa chini. Wizara ya sheria, iliyokuwa na ruhusa ya kubakiza sehemu ya fedha hizo kwa mwaka unaofuata, haikuonyesha anguko hilo la ubora.

Nami nimeyafanya hayo. Zikiwa zimebaki siku tisa, tulinunua mashine ya kupimia sampuli kwa sababu fedha ilikuwepo na ingerudi hazina ya chuo. Hakuna aliyeuliza vitendanishi vyake, yaani kemikali za kufanyia vipimo, vinagharimu kiasi gani kwa mwaka, nani ataihudumia, wala itawekwa wapi. Fundi wetu wa maabara ndiye pekee aliyekuwa na majibu, na hakuulizwa. Mashine ikafanya kazi mihula miwili. Baadaye nilijiwekea utaratibu wa kuwa na orodha ya manunuzi madogo yaliyokwisha kujadiliwa na kupata bei, tayari kabla ya robo ya mwisho, ili fedha ikibaki iende kwenye kitu ambacho kilihitajika tangu mwanzo. Hiyo ni tiba ya dalili. Tiba yenyewe iko kwa wakuu wa chuo: waruhusu idara ibakize japo sehemu ya ilichookoa.

Lakini yote hayo ni sehemu ndogo ya daftari. Rasilimali kubwa ya idara ni saa za watu, na hesabu yake katika idara nyingi haijaandikwa popote. Chukua idara yenye wahadhiri 12, kila mmoja akitakiwa kufundisha kozi 3 kwa muhula, mihula 2 kwa mwaka. Hizo ni nafasi 72 za kufundisha. Sasa mkuu wa idara, mratibu wa mitihani na mratibu wa mafunzo kwa vitendo, kila mmoja amepunguziwa kozi moja kwa muhula. Zimebaki 66. Mmoja yuko kwenye likizo ya utafiti mwaka mzima. Zimebaki 60. Ratiba inadai kozi na makundi 74. Pengo ni 14, na kifungu cha wahadhiri wa muda kinatosha 10. Kwa hiyo kuna nne ambazo hazina mtu, na mtu fulani lazima aamue ni zipi.

Daftari likiwa kwenye droo, uamuzi huo hufanyika wenyewe, na kila mara huangukia palepale. Makundi ya mwaka wa kwanza huunganishwa, wanafunzi 60 wanakuwa 120, na anayepewa kuwafundisha ni mhadhiri mdogo asiyeweza kukataa. Hakuna aliyekusudia kumwonea. Yeye pamoja na wale vijana ndio walio kimya, na pengo huenda mahali penye ukimya. Hapo huingia na kazi zisizohesabiwa: kusimamia wanafunzi wa tasnifu, kusikiliza aliyefiwa, kukaa kwenye kamati isiyotakiwa na mtu. Ukiziandika kwa majina na saa, utaona wanaozibeba ni walewale kila mwaka.

Wapo wakubwa watakaokwambia suluhisho ni ufanisi, mfanye mengi kwa kidogo. Wachumi William Baumol na William Bowen walitoa hoja nzuri mwaka 1966 walipochunguza uchumi wa sanaa za jukwaani: wanamuziki wanne wa ala za nyuzi wanahitaji muda uleule kuupiga muziki wa karne nyingi zilizopita, huku ujira wao ukilazimika kupanda pamoja na wa watu wengine. Kusoma tasnifu ya mwanafunzi na kumrudishia yenye maoni ya maana ni kazi ya aina hiyo. Saa tatu zake ni saa tatu. Ukizikata ziwe moja, umebadilisha kazi yenyewe. Mkuu wa idara anayekwenda kwa mkuu wa kitivo na jedwali la saa husikilizwa kuliko anayekwenda na malalamiko, hata pale jibu linapokuwa hapana.

Nilipolifungua daftari, nilikuwa na hofu mbili. Moja ilikuwa siri za watu, na hiyo ni ya haki: mshahara wa mtu haukai mezani, wala sababu ya mtu kupunguziwa kazi kama ni ugonjwa au msiba. Jumla zinatosha. Hofu ya pili ilikuwa kwamba wenye sauti kubwa wangeteka kikao. Walijaribu. Kilichosaidia ni kukubaliana vigezo kwanza, kabla ya mtu yeyote kuleta ombi: wanafunzi wangapi wataguswa, je, kozi ni ya lazima, je, gharama itajirudia mwaka ujao. Na nilimwalika fundi wa maabara na katibu muhtasi wa idara kwenye kikao cha bajeti, jambo ambalo baadhi ya wenzangu walilipinga waziwazi. Hao wawili walijua karatasi inaishia wapi, kifaa kipi huharibika kila muhula, na chumba kipi hukaa kitupu mchana kutwa huku sisi tukilia hatuna nafasi.

Katika kikao cha kwanza cha saa, tulifika kwenye zile nne. Profesa mmoja, mzee wetu sote, alikuwa na kozi ya hiari aliyoijenga mwenyewe miaka mingi, na mwaka ule ilikuwa na wanafunzi sita. Awali nilikuwa nimemwomba mara mbili, faraghani, airuhusu isimame kidogo. Mara zote mbili alinijibu kuwa idara inadharau taaluma yake. Siku ile alilitazama jedwali ukutani kwa muda mrefu. Akauliza, "Hili kundi la 120, ndilo lililounganishwa?" Nikamjibu, ndilo, Profesa. Akamgeukia yule mhadhiri mdogo akamwuliza anasahihishaje insha za watu 120. Binti akasema ukweli: alikuwa ameacha kutoa insha tangu muhula uliopita, anatoa maswali ya kuchagua. Profesa akavua miwani, akasema kozi yake itafundishwa mwaka mmoja na kupumzika mwaka mwingine, na kwamba mwaka wa kupumzika kundi moja la mwaka wa kwanza ni lake.

Tukabaki na tatu.