Mkulima hatozwi, ila gharama inamfikia

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema biashara ya vibali vya kaboni, yaani ruhusa za kutoa hewa chafu ambazo viwanda hununua na kuuziana, haimgusi mkulima kwa kuwa mashamba hayakuwekewa kikomo cha hewa hiyo. Sikubali. Ulaya mashamba hayamo kweli kwenye mfumo huo, lakini viwanda vya amonia, inayotengenezewa mbolea, vimo tangu 2013, na gharama ya kiwandani huishia kwa anayenunua gunia. Upande wa mapato, yaani fedha za miradi ya kuhifadhi kaboni kwenye miti na udongo, ndio unaoniuma zaidi. Sheria yetu ya tabianchi hapa Kenya, iliyorekebishwa 2023, inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi hiyo ya ardhi, ila hiyo ni kwa ardhi ya umma na ya jamii. Sisi wenye vishamba vyenye hatimiliki tunabaki na mkataba wetu na mwenye mradi tu, tena mrefu na mgumu kusoma. Kuna aliyewahi kusomewa mkataba wake kabla ya kutia sahihi?