Simba Analia, Mwenyewe Yuko Zamu

Saa tisa na robo usiku. Nasema kwa heshima zote, kama mtu mzima aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo: huyo mbwa wa chumba cha nyuma ameanza kulia saa kumi na mbili jioni, dakika tano baada ya mwenyewe kufunga mlango na kukimbilia zamu, na mpaka sasa hajameza mate. Ameshaimba sauti ya kwanza, ya pili na besi. Umeme umekatika tangu saa nne, feni imelala, mbu wameamka, na yeye ndiyo kwanza anaingia kibwagizo.

Ana wiki saba. Anaitwa Simba. Mbwa wote wa mtaa huu wanaitwa Simba, isipokuwa wale wanaoitwa Bobi.

Sina ugomvi na mbwa. Ugomvi wangu ni hesabu. Chukua umri wa mtoto wa mbwa kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana mkojo, na hapo umemkadiria vizuri. Ana miezi miwili? Saa 3. Sasa zamu yenyewe ni saa 12. Weka daladala ya kwenda, weka foleni ya kurudi, weka na yule mwenzako wa kupokea zamu ambaye kila wiki kafiwa na shangazi. Saa 14. Toa 3, zinabaki 11, na zote anazimalizia kwenye godoro. Asubuhi mwenyewe anarudi, anamkamata shingo, anamsukumia pua kwenye mkojo "ili ajifunze". Ajifunze nini? Mkojo wa saa nane usiku na hasira ya saa moja asubuhi, mbwa haviunganishi. Anachojifunza ni kwamba huyu mtu akirudi kuna shari, basi kesho anakojoa nyuma ya kabati, mahali utakapogundua mwezi wa Ramadhani ukihamisha vyombo.

Na yote haya huanzia kituoni. Mtu katoka zamu ya usiku, macho mekundu, mshahara umeingia jana. Hapo ndipo shetani humleta kijana mwenye boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu.

"Bosi, Jemani Shepadi huyo. Orijino. Baba yake yuko polisi."

Bosi, ambaye kazini hakuna aliyewahi kumwita hivyo, anasimama.

"Polisi gani?"

"Polisi polisi. Anakamata bangi. Mama yake yuko bandarini."

Kinatolewa kitu kimeshikwa ukosi, mgongo mweusi tii, masikio yamelala kama chapati za jana. Bosi anauliza habari ya masikio. Kijana anasema yatasimama Jumatatu. Sasa masikio ya Shepadi huanza kusimama kati ya mwezi wa tatu na wa tano, mengine hungoja mpaka meno ya utoto yaishe kung'oka, karibu mwezi wa saba. Lakini Jumatatu? Hayo si masikio, hiyo ni benki.

"Ana umri gani?"

"Miezi mitatu kamili."

Pembeni kuna mama muuza maandazi. Hajaulizwa. Anafuta mikono kwenye kanga, anasogea.

"Mwanangu, hebu mfungue mdomo."

"Mama, pika maandazi yako," anasema kijana.

"Mfungue mdomo."

Mdomo unafunguliwa. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anatakiwa kuwa na meno 28 ya utoto, yote yamekwishatoka. Huyu ana vimeno vya mbele na vichonge kama sindano, huko nyuma ni fizi tupu. Ana wiki tano. Juzi alikuwa ananyonya, na alitakiwa aendelee kukaa na mama na ndugu zake mpaka wiki ya nane, kwa sababu huko ndiko anakofundishwa kwamba ukimng'ata mwenzako kwa nguvu mchezo unaisha. Akiondolewa kabla, somo hilo utalifundisha wewe, kwa vidole vyako.

"Na tumbo hili?" anauliza mama.

"Ameshiba."

"Ameshiba minyoo."

Kweli tumbo limevimba kama ngoma, huku mbavu zinahesabika. Minyoo hao mtoto wa mbwa huwapata hata kabla ya kuzaliwa, tumboni mwa mama yake, ndiyo maana dawa huanza akiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya kumi na mbili, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mama anainua mdomo wa juu: fizi zimepauka, na zilitakiwa ziwe za waridi. Kisha analowesha pembe ya kanga, anasugua mgongo wa Jemani Shepadi mara moja tu. Kanga inatoka nyeusi.

Kimya. Hata konda wa daladala ameacha kuita abiria.

"Hiyo ni vumbi ya safari," anasema kijana.

"Kiwi," anasema mama.

Kijana anatoa silaha ya mwisho, kadi ya chanjo. Kadi ipo, ina picha ya mbwa na muhuri. Muhuri ni wa duka la vifaa vya ujenzi, umeandikwa IMELIPWA. Kadi halali hubandikwa kile kilebo kidogo kinachobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, chenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, kisha daktari wa mifugo anatia sahihi. Hapa hakuna kilebo. Kuna tarehe tu: amezaliwa tarehe 20, amechanjwa kichaa cha mbwa tarehe 12 ya mwezi uleule.

"Alichanjwa kabla hajazaliwa?"

"Akiwa tumboni, bosi. Ndiyo teknolojia ya sasa."

Mama wa maandazi anakaa chini. Mtu amefanya alivyoweza. Mtoto wa mbwa anapigwa chanjo ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki ya kumi na sita, na si kwa sababu daktari anataka hela ya nauli. Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama yake huizima chanjo, na hakuna anayejua kinga hiyo itaisha wiki gani, kwa hiyo unarudia mpaka umkute mlango uko wazi. Ya kichaa hupigwa akifika miezi mitatu, inarudiwa baada ya mwaka. Na chanjo inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikitembezwa mfukoni pamoja na soda, umemchoma maji.

Bei ilianza 350,000. Sasa iko 60,000. Bosi anasema hapana. Anageuka. Halafu yule mnyama, bila kutumwa na mtu, anamlamba kidole.

Basi. Miaka kumi na kitu ya maisha yake imeamuliwa pale kituoni. Anapanda daladala na boksi, analipa nauli ya watu wawili.

Siku ya tano anaanza kutapika na kuhara damu, harufu unaisikia ukiwa getini. Hiyo ni parvo, ugonjwa wa virusi wa matumbo ya mbwa, na kinachoua haraka ni kukaukiwa maji, kwa hiyo ni dripu kwa daktari siku ileile. Uji wa chumvi na maombi havitoshi. Virusi vyake vinakaa kwenye udongo hata mwaka. Ukizika wa kwanza ukaleta wa pili uani hapohapo, umemleta mazishini. Huyu wa chumba cha nyuma yeye amepona. Mapafu yake nayathibitisha mimi mwenyewe hapa.

Dawa za kupe nazo sitaki kuanza. Dawa ya kuogeshea ng'ombe imepimwa kwa ng'ombe! Kumimina kifuniko kizima juu ya kiumbe cha kilo tatu ni kumtafutia sumu. Mpime uzito: panda mzani ukiwa umembeba, shuka, panda peke yako, toa. Halafu ndiyo uende dukani na hiyo namba.

Sasa mtu ataniuliza, kwa hiyo mfanyakazi wa zamu asifuge? Sijasema. Nesi afuge, mlinzi afuge, dereva wa lori afuge. Ila amchukue mbwa mzima, wa miaka miwili na kuendelea, wa kienyeji huyuhuyu asiye na baba polisi. Mbwa mzima analala saa 12 hadi 14 kwa siku, anabana mkojo saa 8, na tabia zake unaziona kabla hujalipa. Akitaka lazima mtoto, basi amlete siku ya kwanza ya likizo. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa siku 28. Watu wanazitumia kwenda kijijini kugombania shamba.

Siku hizo ndizo za kumfundisha kubaki peke yake. Toka nje dakika moja, rudi kimya, bila sherehe. Kesho tatu, tano, kumi. Akivumilia nusu saa bila kulia umevuka mlima, ongeza taratibu. Usiku mlaze karibu na wewe, umpe fulana uliyoivaa bila kuifua, na chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, maana juzi alikuwa analala kwenye lundo la ndugu sita. Huyu hapa amepewa sakafu ya saruji na bakuli la plastiki ambalo alilipindua saa moja jioni. Bakuli zito la udongo, jamani! Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na kuhema kunamaliza maji.

Halafu mbwa hajui ratiba yako inasema nini. Ila ya saa 12 ina unafuu wake. Zamu ya mchana unatoka saa kumi na moja alfajiri unarudi saa moja usiku. Zamu ya usiku unarudi saa moja asubuhi unatoka saa kumi na moja jioni. Angalia: chakula kikiwekwa alfajiri-asubuhi na jioni, kinasogea saa mbili tu hata zamu ikigeuka. Wale wa viwandani wa zamu tatu, poleni, kwenu lazima chakula kifuate tukio: umevua viatu, anakula. Na kwa vyovyote anahitajika mtu wa katikati, dada wa kazi au kijana wa jirani anayelipwa, si wa "nitamwangalia". Kazi yake maji, dakika 15 nje, na mlo wa mchana kama ni mtoto, maana mtoto anakula mara tatu au nne. Gundi karatasi mlangoni, aliyemlisha atie tiki. Bila karatasi Simba atakula kwa dada, kwa kijana na kwa mama mwenye nyumba, na kila mmoja atamtazama kwa macho ya mkimbizi. Au hatakula kabisa, kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake.

Kula nini? Ugali mtupu ni wanga. Tia dagaa wasio na chumvi, au utumbo na maini, lakini vipikwe, maana maini na mapafu mabichi yana minyoo inayomgeukia hadi binadamu. Mchuzi wenye vitunguu hapana, unaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka kama vijiti.

Na sare! Akishajua kwamba shati la kazi maana yake unaondoka, ataanza kulia ukilitoa kwenye kamba. Livae siku ya mapumziko, shika funguo, kaa utazame taarifa ya habari. Majirani watasema umefukuzwa kazi. Waseme.

Mchana unapolala nako, muuza koni anapiga kengele, wa vyuma chakavu anapita na spika, na mbwa anawajibu wote kwa jina. Mtembeze nusu saa kabla hujalala, mtawanyie dagaa kwenye nyasi awatafute kwa pua, atachoka kuliko kukimbia. Kumfunga mnyororo kwenye mwembe si suluhisho, atauzunguka mara kumi na nne mpaka paji la uso liguse gome. Ukimtembeza saa kumi usiku utawaeleza ulinzi shirikishi mwenyewe.

Mzee wa chumba cha mbele hamchukii mbwa, ila akiguswa kanzu na pua mbichi wakati anakwenda alfajiri, ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa maji haya ya mgao. Ameshasema mara mbili kwa upole. Mzee akisema mara ya tatu huwa hasemi kwa upole. Kibanda kilitakiwa kiwe upande wa pili, kivulini, sakafu imeinuliwa kidogo, si bati tupu linaloangalia jua la saa nane. Nimeshamchorea mwenyewe kwenye karatasi ya maandazi. Karatasi ameifungia maandazi.

Ngoja. Kimya?

Kimya kweli. Sasa kwa nini kimya? Anapumua? Au amejinyonga na kile kikamba...

Hapana, hayo ni maji. Bomba linakoroma, maji yametoka. Saa kumi usiku, siku ya tatu. Nani kafunga mpira kwenye bomba la uani? Nani? Ndoo yangu nyekundu ilikuwa hapa. Jamani, ndoo ya mtu mzima, ina jina kwa rangi ya kucha!

Pipa limefika nusu na presha imeshuka. Na yule naye kaanza tena.